Toleo la Saba

Hukuzaliwa. Ulichongwa,
kwanza kwa kisu, kwenye kipande cha sabuni ya mche,
meza ya nyuma, karakana ya Chuno,
siku umeme ulipokatika na mashine ikabaki kunitazama.
Nilikukata pembe moja,
nikakuchomeka gizani mara kumi,
mara tatu ukaingia kinyume.
Jumapili nikakufulia shuka.

Toleo la pili liliingia vizuri, halikutoka.
La tatu lilitoka kabla halijafika.
La nne usiniulize.

Hokororo wa hesabu hakujui kwa umbo,
anakujua kwa senti.
"Somoe, pini ya tatu ya nini?
Taa elfu arobaini, mara shilingi kumi na nne,
hapo umekula mshahara wa mtu."
Sikumjibu. Nilimwekea mezani taa iliyorudi kutoka Kitangari,
mdomo umeyeyuka kama mshumaa,
na karatasi ya daftari imefungwa kwa mpira:
*Tulichomeka kama kawaida. Ikanuka.
Mtoto alikuwa anasoma.*
Basi, hayo tu.
Aliisoma mara mbili, akavua miwani,
akanipa pini, akaninyima dhahabu.
Tukakutana kwenye bati juu ya shaba,
utando ambao hata unywele ungeudharau.

Halafu chumvi.
Chumvi ya Mtwara haina likizo.
Inapita dirishani, inalamba bawaba,
nyundo, meno ya zipu, sarafu za mfukoni.
Wiki tano nilikuning'iniza nje, kwenye kamba ya nguo,
wewe na wenzako kumi na wawili,
mmeanikwa kama makopa.
Jirani yangu Bi Fidea akauliza, hirizi hizo za nini?
Za kuzuia giza, nikamwambia.
Akaomba moja.

Mafundi wanasema dume na jike,
na kila kijana anayekuja kujifunza hucheka palepale.
Nawaacha wacheke. Kisha nauliza:
kati ya hawa wawili, nani anachoka kwanza?
Kimya.
Ni jike, nawaambia. Yeye ndiye mwenye springi,
ndiye anayebana leo, kesho, mtondogoo,
na akilegea lawama inapelekwa kwa waya.
Lipo somo la unyago humo ndani,
lakini mimi nimeajiriwa kufundisha umeme.

Nilichokuhangaikia zaidi si umbo, ni mlio.
Ta.
Si *kwaa*, si *tapu*.
Ta moja kavu, ambayo kidole huisikia kabla ya sikio,
maana wa kukushika ni mbanguaji wa korosho
ambaye mafuta ya maganda yamembabua vidole,
ncha zimekufa ganzi,
naye anarudi nyumbani usiku, hajala.
Nilimpelekea Asumini toleo la sita.
Akachomeka, akanigeukia:
"Limeingia?"
Nikalichomoa, nikaliweka mfukoni, nikaaga.

Robo milimita.
Nilikuongezea jino la robo milimita,
nikalipunguza, nikalirudisha,
nikagombana na tupa hadi adhuhuri.
Jana Asumini alikuchomeka huku akisimulia mnada,
jinsi bei ilivyoanguka na watu wakakataa kuuza,
taa ikawaka usoni pake,
na hakukatiza sentensi.

Kesho kalibu ya chuma inafungwa.
Ikishafungwa, kosa lako moja
litakuwa makosa elfu arobaini,
yamefungwa kwenye maboksi, yanapanda Newala, Tandahimba,
yanaingia nyumba nisizozijua milango.
Ndiyo maana nimekaa na wewe mpaka saa hii.
Nakuchomeka, nakuchomoa.
Elfu moja mia mbili na tatu. Ta.
Na nne. Ta.
Na tano.

Subiri.
Hiyo sikuisikia.